Mita Sitini Kutoka Ukingo wa Mto

Pelele akilia usiku, mgeni hudhani kuna mtu anakabwa. Ni mnyama mdogo tu, ukubwa wake wa sungura, anaishi juu ya miti. Lakini sauti yake hupanda ikikwaruza, ikafika mahali pa kukata roho, ikaanza upya. Sisi tuliozaliwa upande wa Amani, juu kwenye milima ya Usambara Mashariki, tulilala fofofo akilia. Tuliamka akinyamaza. Babu alisema pelele akikata sauti ghafla, ujue kuna mtu anapita chini ya mti wake, na mtu anayepita msituni saa nane za usiku hakwenda kuokota kuni.

Kijiji chetu kilibanwa katikati. Upande mmoja chai ya kampuni, imekatwa sawasawa kama nywele za mwanafunzi. Upande wa pili msitu. Babu alikuwa na ekari mbili za iliki, na ekari hizo zilikuwa chini ya miti mikubwa, kwa kuwa iliki hukua vizuri kivulini. Kwa hiyo mtoto aliyemfuata babu yake shambani alikuwa anamfuata msituni. Sikujua kama hayo ni mambo mawili. Miaka kumi ya kwanza ya maisha yangu, shamba na msitu kwangu vilikuwa neno moja.

"Mke wangu," babu aliniita hivyo, kama mababu wanavyowaita wajukuu wao wa kike, "fumba macho." Nafumba. Ananipitishia jani puani. Nikikosea jina, nalibeba jani hilo mfukoni mpaka jioni. Ndivyo nilivyojifunza msambu, ambao matunda yake makubwa huanguka kwa kishindo na panya buku huja kuziiba mbegu na kuzizika, akisahau nyingine, na pale alipozisahau unaota msambu mpya. Nilijifunza mhesi pia, mti unaokua haraka kuliko wote. Babu hakuupenda. Alisema ni mti wa kuletwa, hondohondo wanakula matunda yake na kuyasambaza kila mahali, na siku moja utaufunika msitu wetu. Miaka mingi baadaye nilikuta maneno hayohayo kwenye maandishi ya wataalamu wa misitu. Babu hakumaliza hata darasa la nne.

Kwenye miamba yenye unyevu kando ya kijito kulikuwa na ua dogo la zambarau, majani yake yana manyoya laini kama sikio la paka. Tulilichuma kuchezea. Nilipofika chuo kikuu ndipo nilipojua kwamba ua hilo linakaa vyunguni kwenye madirisha ya nyumba kote Ulaya na Marekani, na kwamba linaitwa Saintpaulia kwa sababu mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao. Mwaka 1902 Wajerumani haohao walianzisha Amani kituo cha utafiti wa mimea, wakapanda mikwinini na miti ya kutoka kila pembe ya dunia. Nilikaa na habari ile kwa muda. Ua nililokuwa nalichuma bila kumwomba mtu lilikuwa na jina la mtu mwingine tangu kabla babu hajazaliwa. Nadhani ndipo nilipoanza kuuliza swali ambalo mpaka leo ndiyo kazi yangu: kitu hiki ni cha nani, na nani kasema hivyo?

Lakini nimeruka mbele. Kabla ya chuo kulikuwa na dhahabu.

Nilikuwa darasa la nne ilipoonekana kwenye vijito vyetu. Kwa wiki chache tu watu walijaa. Walikuja wa Geita, wa Chunya, wa Handeni, hata vijana wetu waliokuwa wakichuma chai waliacha makapu. Maturubai yakasimama mahali tulipokuwa tunachuma yale maua. Walifukua kingo, wakageuza mkondo, wakaosha mchanga kwenye makarai, na maji yaliyotufikia sisi chini yakawa na rangi ya chai ya maziwa. Mama alikuwa anayaacha kwenye ndoo usiku kucha yatuame, asubuhi robo ya ndoo ni tope. Na haikuwa shida yetu peke yetu. Vijito vile vinashuka kuwa mto Zigi, Zigi unajaza bwawa la Mabayani, na bwawa hilo ndilo linalonywesha jiji la Tanga. Mtu wa Ngamiani aliyefungua bomba lake asubuhi alikuwa anakunywa mlima wetu bila kuujua.

Siku moja walikuja askari, wachimbaji wakaondolewa. Mashimo hayakuondoka. Nilipita pale na babu baada ya miezi kadhaa, akachutama kwenye ukingo uliobomoka, akaokota udongo, akausaga mkononi. Akasema kwa Kisambaa, "Wabana shi." Kwetu kuna maneno mawili ambayo wazee waliyatumia kwa watawala tangu enzi za Wakilindi kule Vuga. Kubana shi ni kuiharibu nchi, mvua ikakatika, njaa ikaingia. Kuzifya shi ni kuiponya. Mtawala alipimwa kwa hayo mawili, wala hakupimwa kwa ng'ombe wake. Babu hakufafanua. Alinawa mikono kwenye yale maji ya tope, tukaondoka.

Baada ya dhahabu ikaja rangi nyekundu.

Watu walipita wakipaka rangi kwenye magome ya miti na kusimika vigingi. Mpaka wa hifadhi ulikuwa unasogezwa ili vipande vya msitu viungane, na iliki ya babu ikawa upande wa ndani. Sitaitaja ofisi iliyofanya hivyo. Wengi wa waliokuja walikuwa watu wema waliokuwa wanatekeleza jambo lenye maana, na nitalieleza mbele kidogo. Mashina ya iliki yalihesabiwa. Babu akaletewa fomu ya fidia aweke dole gumba. Ilikuwa ya Kiingereza. Mimi ndiye niliyekuwa msomi wa nyumba, nimeanza sekondari, sare mpya. "Nisomee, mke wangu."

Nilisoma kila herufi na sikuelewa sentensi hata moja. Nakumbuka jasho la mikono yangu kwenye ile karatasi. Babu alisubiri, akaona, akaweka dole lake, kisha akanisifu kwamba nimesoma vizuri. Hakuwa ananitania. Alitaka nisione aibu. Sehemu kubwa ya fedha ilichelewa kwa miaka, na ilipokuja bei ya kila kitu ilikuwa imeshapanda.

Usiku ule ndipo aliponihadithia jambo ambalo hakuwahi kulisema. Alizaliwa upande wa Mlalo, Usambara Magharibi. Akiwa kijana, miaka ya 1950, Waingereza waliwalazimisha watu kuchimba matuta mashambani ili kuzuia udongo kumomonyoka. Aliyekataa alitozwa faini au alifungwa. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli, babu hakulikataa hilo. Lakini kazi ilikuwa ya kukata mgongo, mashamba yenyewe yalikuwa madogo, na hakuna aliyeuliza wenye mashamba. Watu walipinga mpaka mpango ukaachwa. Yeye alikuwa ameshaondoka, amekuja upande huu kuchuma chai. "Sheria ya udongo ilinitoa kwetu," alisema, "na sheria ya miti imenikuta huku."

Wengi huniuliza kama kupenda msitu ndiko kulikonifanya niwe wakili wa mazingira, na hutarajia nijibu ndiyo. Jibu ni ndiyo, ila haitoshi. Kama ningekuwa na msitu tu ningekwenda Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, nikasomea misitu, na nadhani ningekuwa na furaha. Ile karatasi ndiyo iliyonipeleka kwenye sheria. Nilitaka kuwa mtu anayeweza kuisoma.

Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilipokelewa mwaka 2013. Miaka miwili ya kwanza nilisoma mikataba, jinai, ardhi, ushahidi, na hakuna mti hata mmoja uliotajwa isipokuwa kwenye kesi za wizi wa magogo. Mwaka wa tatu nikachukua somo la sheria ya mazingira. Mwalimu aliingia, hakuandika kitu ubaoni, akatuhadithia habari za dampo la Tabata. Mwaka 1988 mkazi mmoja, Joseph Kessy, na wenzake waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa sababu taka za jiji zima zilikuwa zinamwagwa na kuchomwa karibu na nyumba zao. Mahakama ikaamuru halmashauri iache na itafute mahali pengine. Halmashauri ikarudi kuomba iongezewe muda. Jaji Lugakingira akakataa, akishangaa mamlaka ya umma kuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua hewa ya watu, na akaliunganisha jambo hilo na ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi. Mwaka 1991 wakazi wa Kunduchi Mtongani, safari hii Festo Balegele na wenzake, wakaenda mahakamani kwa dampo lililowekwa kwao, na Mahakama Kuu ikatoa amri dhidi ya jiji.

Nilitoka darasani mwili ukinisisimka. Moshi ulikuwa umeingia kwenye Katiba! Jumamosi nilipanda daladala kwenda Tabata kupaona. Pamejengwa, hakuna dampo. Nikamuuliza mama muuza mihogo taka zilikwenda wapi, akanionyesha kwa kidevu, "Vingunguti." Kutoka Vingunguti zilikwenda Mtoni, kutoka Mtoni zikaenda Pugu. Ushindi wa Tabata ulikuwa ushindi wa kweli na siupunguzi hata kidogo. Lakini siku ile nilijifunza mbele ya meza ya mihogo jambo ambalo halikuwa kwenye kitini chetu: mahakama ikizuia uchafu mahali fulani, uliza kesho yake uchafu huo uko mlangoni kwa nani.

Mwaka uleule wa tatu rafiki yangu wa bwenini, anayesoma botania, alinisomea jambo lililoniuma zaidi. Iliki inayolimwa chini ya msitu, alisema, huua msitu polepole. Mkulima hufyeka miche ili iliki ipate nafasi, miti mikubwa huzeeka bila watoto, udongo huchoka, na baada ya miaka mkulima huikata hata ile miti na kupanda muhogo au miwa. Nilibishana naye mpaka taa zikazimwa. Kisha nikalala macho juu, nikaiona ekari ya babu. Miti mikubwa, mizuri. Chini yake iliki. Kati ya vile viwili, hakuna kitu. Hakukuwa na mche hata mmoja wa msambu unaonifika kiunoni.

Kwa hiyo wale wa rangi nyekundu walikuwa sahihi kuhusu miti. Na walikosea kuhusu babu. Imenichukua miaka kuweza kusema sentensi hizo mbili mfululizo bila kuitoa moja kwa ajili ya nyingine, na nikiona wakili kijana anayeamini kwamba kila kesi ya mazingira ina mtakatifu na mwovu, huwa namwombea akutane na iliki mapema.

Tukiwa chuoni bado, Juni 2014, Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha iliizuia serikali yetu isijenge barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti, njia wanayopita nyumbu kwenda na kurudi Masai Mara. Shauri lilifunguliwa na asasi ya kutetea wanyama ya Kenya. Darasani tulishangilia, halafu mwenzetu mmoja wa Loliondo akanyanyuka, akauliza kwa upole dada yake akishikwa na uchungu wa uzazi apite wapi. Hakuna aliyemjibu vizuri. Mimi nilikuwa upande wa nyumbu na bado niko. Swali lake pia nimelitunza.

Baada ya Shule ya Sheria nilifanya kazi miaka miwili kwenye ofisi ya mawakili mjini Dar es Salaam. Hati za nyumba, rehani za benki, mikataba ya pango. Mshahara mzuri, kiyoyozi, na dirisha lililotazama ukuta. Nilijifunza humo kuandika barua isiyo na neno la ziada, na kuheshimu tarehe. Nilipoaga ili nirudi Tanga, mama alikaa kimya kwenye simu muda mrefu. "Mwanangu, tumekusomesha utoke kwenye matope." Nikamwambia, mama, nayarudia matope nikiwa na muhuri.

Tarehe nilidhani ninaziheshimu. Shauri langu la kwanza la mto lilinifundisha kwamba nilikuwa nazisoma tu.

Wanakijiji wa kijiji kimoja cha mkoa wetu walikuja ofisini, wanaume wanane na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Malori yalikuwa yanachota mchanga mtoni usiku na mchana, kingo zinaanguka, migomba imekwenda na maji, kisima cha zahanati kimeingia tope. Halmashauri ilikuwa imetoa vibali. Nilifungua Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kuwasomea. Kifungu cha 4, kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 57, shughuli za binadamu zinazoweza kuharibu mazingira haziruhusiwi ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa mto, bwawa, ziwa au ufukwe wa bahari. Mama yule alirudia taratibu, "Mita sitini," kama mtu anayeambiwa bei ya kitu alichokuwa anakitamani.

Niliwapelekea halmashauri notisi ya siku thelathini, kama nilivyofundishwa, kisha nikafungua shauri. Siku ya kwanza upande wa pili ukasimama na pingamizi la awali. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, anayetaka kuishtaki hata halmashauri anatakiwa kutoa notisi ya siku tisini, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe kwenye shauri. Nilikuwa nimesoma kitabu cha zamani. Shauri liliondoshwa mahakamani kwa dakika ishirini bila mtu kutaja neno mto.

Nje, chini ya mwembe, nilitakiwa kuwaeleza wale watu wanane na yule mama. Nililia mbele yao. Sijawahi kulia tena mbele ya wateja, ila siku ile sikuweza kujizuia, kwa sababu nilijua siku tisini ni nini kwa mto wenye malori. Ni masika nzima. Kosa lilikuwa langu, na ukingo ulioanguka kati ya notisi ya kwanza na ya pili ulianguka kwa kosa langu. Wakili wa mazingira hujifunza upesi kwamba fedha inaweza kurudishwa na riba, ardhi inaweza kupimwa upya, lakini udongo uliokwenda baharini hauna rufaa.

Tukaanza upya. Safari hii nilikwenda kijijini kwanza, nikakaa siku nne. Nilinunua tepu ya mita mia, tukaenda kupima sisi wenyewe, vijana wakishika vigingi, mwalimu wa shule akiandika. Tulipofika ukingoni nikamwomba mzee mmoja ashike ncha ya tepu. Hakuishika. Alisimama anatazama maji.

"Wakili, mita sitini zinaanzia wapi? Kwenye maji ya leo, au maji ya masika?"

Nikafungua kitabu. Kinasema ukingo wa mto. Nikamsomea.

"Ukingo upi?"

Ilikuwa kiangazi. Mto ulikuwa umejikunja katikati ya kitanda cha mchanga kipana kama viwanja viwili vya mpira, na mchanga huo ndio uliokuwa unachotwa. Ukianzia kwenye maji ya siku ile, nusu ya machimbo yangeonekana yako nje ya mita sitini, yaani halali. Ukianzia kwenye alama ya maji ya masika, yote yalikuwa ndani. Kesi nzima ilikuwa kwenye swali lile, na hakuna mwalimu wangu yeyote aliyewahi kuniuliza. Tuliandika kiapo chake kwa Kiswahili, tukaeleza mto unafika wapi mwezi wa nne na jinsi anavyojua, tukapiga picha za takataka zilizonasa kwenye matawi juu kuliko kimo cha mtu. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu. Zamani shahidi wa namna ile angesema kwa Kiswahili, hakimu akaandika kwa Kiingereza, na mzee akatoka bila kujua ameandikwa nini. Nilipomsomea kiapo chake akanisahihisha mahali pawili, kisha akasaini. Hakutumia dole gumba. Alisaini kwa herufi kubwa, kalamu imeshikwa kama kisu. Nilimkumbuka babu, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufa, kiasi cha kushindwa kuendelea na kazi kwa dakika kadhaa.

Siku ya tatu nilikwenda upande wa machimbo. Kati ya vijana waliokuwa wanapakia lori kwa mabeleshi nilimwona mtoto wa mjomba wangu. Alikuwa na mke na mtoto wa miezi mitatu. Hakunikwepa. "Shikamoo dada. Ukitufukuza, utatupeleka wapi?" Swali la Tabata, swali la Loliondo, sasa limevaa uso wa nyumbani kwetu. Na mchanga wa mto uleule ndio uliojenga madarasa mawili ya shule niliyokuwa nimelala kwenye ofisi yake.

Hatukufika kwenye hukumu. Notisi ya siku tisini ilipokaribia kwisha, halmashauri ilituita mezani, na nilikwenda na ramani ya mwalimu, kiapo cha mzee na wawakilishi watatu wa wapakiaji, jambo ambalo baadhi ya wateja wangu hawakulipenda. Ilichukua miezi. Mwisho mkutano mkuu wa kijiji ulipitisha sheria ndogo: vigingi vya mita sitini kuanzia alama ya maji ya masika, eneo la machimbo mbali na mto kwa zamu na kwa ushuru unaoingia kijijini, kingo zipandwe mianzi na mikuyu, na wapakiaji walipwe kwa kupanda. Halmashauri ikaidhinisha. Lori moja limekamatwa tangu hapo, mawili yamepita usiku. Nasema hivyo ili nisimdanganye mtu.

Vijana wa sheria huja ofisini wakiniuliza wasome nini. Huwapeleka kwanza kwenye mto na tepu. Nawaambia wajifunze majina ya miti kwa lugha ya mahali wanapofanyia kazi, kwa sababu shahidi atasema msambu, hatasema jina la Kilatini, na wakili asiyeujua msambu hatajua kwamba shahidi wake amesema jambo kubwa. Wasome ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira mpaka kurasa za mwisho. Kanuni zinataka ripoti iwe na muhtasari wa Kiswahili chepesi, na mara nyingi ni huko utaona aliyeandika kama aliwahi kufika kijijini. Na wajue fedha pia. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa umma kwa ajili ya miradi inayolinda mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, na ikaorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Maji ya Zigi yamefika sokoni. Mwenye hatifungani hiyo, popote alipo, ana sababu ya kutaka ukingo wa kijito chetu usianguke, na nimeanza kulisema hilo kwenye vikao ambako habari za maua na pelele hazisikilizwi.

Mwezi wa sita, masika ilipokwisha, mwenyekiti wa kile kijiji alinipigia simu alfajiri. "Wakili, mto umehama. Umekula upande wetu, kigingi cha saba kimekwenda na maji." Nikamuuliza umekula mita ngapi. Akasema hawajapima, wananisubiri.

Nilifika saa nne. Yule mzee alikuwa ameketi juu ya mzizi wa mkuyu, amedhoofika kuliko nilivyomwacha, fimbo mapajani. Nikamwamkia, nikatoa tepu. Hakusubiri niombe. Alishuka taratibu, kijana akimshika kiwiko, mpaka pale majani makavu yaliponasa kwenye matawi, akaishika ncha kwa vidole viwili akaibana kwenye shina. Mimi nikaanza kurudi nyuma, nikihesabu.